S-10 ya kulaza chini: nyuma uweke fimbo mbili, tatu au nne?

*"Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio, nina pikapu ya Chevrolet S-10 ya 1998 inayosukuma nyuma tu, injini V6 ya lita 4.3. Mbele nishaweka mabaluni ya hewa, sasa nataka kutoa springi za majani za nyuma niweke mabaluni, gari ilale mpaka chesisi iguse chini nikipaki. Naiendesha kila siku kwenda kazini na wikiendi nabeba vitu vya watu, sofa, friji, vitu kama hivyo. Nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu. Wa kwanza kasema fimbo mbili za kushika ekseli zinatosha, baluni likae juu ya fimbo, na ni bei rahisi. Wa pili kasema nne za sambamba na Panhard, ile fimbo ya kukatiza pembeni toka chesisi mpaka ekseli. Wa tatu kasema nne za pembetatu, halafu niongeze Panhard kwa usalama. Na rafiki yangu ana pikapu ya Chevrolet C10 ya 1969 yenye fimbo mbili za kiwandani, inatembea poa kabisa. Nichague ipi? Kuchomelea najua kidogo."*

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ni zuri kwa sababu umetaja matumizi, wengi wananiandikia "fimbo gani kali" bila kusema gari inafanya kazi gani, na hapo hakuna jibu. Wewe umesema kazini kila siku na friji wikiendi, na hiyo peke yake inafuta jibu moja kati ya hayo matatu. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane kitu kimoja ambacho naona kimewapita hao washauri wako wote. Baluni halishiki ekseli. Baluni linabeba uzito, basi, kazi yake imeishia hapo. Springi za majani zilizoko chini ya S-10 yako sasa hivi zinafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja bila kelele: zinabeba gari, zinazuia ekseli isikimbie mbele na nyuma ukikanyaga mafuta au breki, zinazuia isiteleze kushoto na kulia kwenye kona, na zinazuia difu isijizungushe, maana injini ikizungusha magurudumu kwenda mbele basi nyumba ya ekseli nayo inataka kuzunguka kinyume chake, pua ya pinioni, pale propela inapofungwa kwenye difu, inataka kuinuka. Siku unafungua zile U-bolti na kuzitoa springi, umetoa vyote hivyo kwa mpigo. Baluni linarudisha kimoja tu. Vilivyobaki vyote ni kazi ya fimbo. Ukiwahi kuchungulia chini ya basi la mikoani lenye baluni utaziona, kuna fimbo nene zinatoka kwenye ekseli kwenda kwenye chesisi, na mara nyingi kuna moja ya umbo la V juu ya difu. Haziko pale kwa urembo.

Sasa hesabu yenyewe, vumilia kidogo maana ukiishika hii hutahitaji kuuliza mtu tena. Kitu chochote kikiwa huru hewani kina njia sita za kusogea: mbele-nyuma, kushoto-kulia, juu-chini, halafu kuzunguka kwa namna tatu. Ekseli ya nyuma tunataka tuiachie njia mbili tu, ipande na kushuka, na iweze kuinama upande mmoja gurudumu moja likipanda tuta. Kwa hiyo kuna njia nne za kuziba. Fimbo moja yenye jointi huru pande zote mbili inaziba njia moja. Nne kwa nne. Umeona?

Fimbo nne za pembetatu, yaani mbili za chini zinaenda sambamba na chesisi na mbili za juu zimetanuka kama V, zinaziba nne kamili. Hakuna kilichopungua, hakuna kilichozidi. Fimbo tatu na Panhard, yaani mbili chini, moja juu na ile ya kukatiza pembeni, nazo ni nne kamili. Na ile ambayo watu wa magari madogo ya kulaza wanaiita fimbo tatu ya wishibon, ambapo juu kuna kipande kimoja cha umbo la A kinachokutana kwenye ncha moja juu ya difu, nayo ni nne, kwa sababu ile ncha moja inashika mbele-nyuma na pembeni kwa pamoja.

Halafu njoo kwenye nne za sambamba na Panhard. Hizo ni tano. Imezidi moja. Inafanya kazi kwa sababu fimbo zikiwa na urefu sawa na ziko sambamba kweli kweli, ile ya tano haigombani na wenzake, pande zote mbili zinakubaliana difu ikae engo gani. Ila ukikosea, fimbo ya juu ikawa fupi kuliko ya chini au breketi ya kushoto ikakaa tofauti na ya kulia, basi gari ikiinama kwenye kona upande mmoja unaidai difu izunguke hivi na mwingine unaidai izunguke vile, na kwa kuwa ekseli ni chuma kimoja haiwezi kuwatii wote wawili. Bushi ndo zinalipa deni. Bushi zikichoka inalipa breketi, unaanza kuona ufa mwembamba pembeni ya weldi.

Na hapo ndo jibu la mshauri wa tatu linapovunjika. Nne za pembetatu ni sahihi, ila kuongeza Panhard juu yake "kwa usalama" ni kuongeza fimbo ya tano isiyopatana na wenzake. Zile za juu za V zinataka katikati ya ekseli iende wima, Panhard inataka iende kwa upinde kama mlango kwenye bawaba. Haviwezi kutimia vyote. Nimeona magari ya namna hii yakiwa magumu nyuma mpaka mwenyewe anadhani baluni ni bovu, anabadilisha baluni, anabadilisha vali, kumbe ni chuma kinapigana na chuma. Ukiweka pembetatu, Panhard achana nayo kabisa.

Tuje kwenye ile ya fimbo mbili, maana najua bei yake inavutia. Kwa kawaida hizi fimbo zinachomelewa au kufungwa kwa bolti mbili kwenye ekseli, zikawa kitu kimoja na ekseli, mbele kuna bushi moja kila upande, na Panhard inashika pembeni. Gari ikipanda na kushuka kwa usawa haina shida. Shida ni gurudumu moja likiingia shimo. Fimbo ya kushoto inataka kuizungusha ekseli kiasi, ya kulia kiasi kingine, na nyumba ya ekseli inageuka kuwa chuma cha kusokotwa. Kwenye gari ya maonyesho inayoshushwa kutoka kwenye trela, ikazunguka uwanja wa mashindano na kurudi, sawa. Kwenye gari ya kazini kila asubuhi na barabara za Ohio baada ya winta, na mashimo yake mnayajua wenyewe, hapana. Pia difu inazunguka na fimbo kila inapopanda na kushuka, kwa hiyo engo ya pinioni inabadilika sana kati ya kimo cha kuendesha na kimo cha kulala.

Halafu kuna hilo la baluni juu ya fimbo. Chukua fimbo ya inchi 24, baluni umelikalisha inchi 16 kutoka kwenye bolti ya mbele. Tuseme upande ule wa ekseli unahitaji kubeba kilo 300. Baluni halibebi 300, linabeba 450, kwa sababu limekaa theluthi mbili ya njia. Kwa hiyo unahitaji presha kubwa zaidi kwa kimo kile kile, na fimbo ambayo ilitakiwa ivutwe na kusukumwa tu sasa inapindwa katikati kila tuta. Ongeza friji na sofa juu yake. Watu wanapenda kwa sababu baluni likisogea kidogo gurudumu linasogea zaidi, gari inalala chini kirahisi na kupanda haraka, na hiyo ni kweli kabisa, siwezi kukataa. Lakini kama unabeba mzigo, baluni likae juu ya ekseli au karibu nayo kadiri nafasi inavyoruhusu. Kama ni lazima likae kwenye fimbo, basi fimbo hiyo itengenezwe kwa ajili ya kupindwa, sio bomba lile lile la kawaida.

Kuhusu C10 ya rafiki yako, hajakudanganya. Chevrolet waliziweka zile fimbo ndefu na springi za koili kwenye C10 nyingi kuanzia 1960 mpaka 1972, na zilikuwa nzuri kiasi kwamba magari ya mbio za NASCAR za Marekani ya daraja la juu yalitumia mpangilio huo huo wa fimbo ndefu mbili na Panhard kwa miongo mingi, mpaka msimu wa 2021 ulipoisha. Siri ni mbili. Zile fimbo ni ndefu sana, zinatoka kwenye ekseli mpaka karibu na katikati ya gari, halafu zina umbo la I, ambalo ni gumu kupinda lakini linakubali kusokotwa. Yaani ule msokoto ambao kwenye fimbo mbili fupi za bomba unaenda kuiua ekseli, kwenye C10 unamezwa na fimbo zenyewe. Bomba la duara halikubali kusokotwa hivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona C10 ina mbili tu", mwambie akaangalie urefu na umbo. Kuzihamishia kwenye S-10 inawezekana ila unaanza kujenga krosimemba mpya, kile chuma kinachokatiza chesisi, katikati ya gari, na hapo kazi imekuwa kubwa kuliko nne.

Basi zimebaki nne za pembetatu, wishibon, na nne za sambamba na Panhard. Hapa sasa ni suala la nafasi kuliko ubora, na hapa ndo nakuomba utoke nje na tepu kabla ya kununua chochote.

Gari yako ikilala mpaka chesisi iguse chini, ekseli inapanda juu sana ikilinganishwa na chesisi. Lazima ukate chesisi juu ya ekseli na kuijenga upya kama daraja, na difu itatafuta kutokea kwenye sakafu ya bodi ya mizigo. Pembetatu na wishibon zinaweka breketi juu ya difu kabisa, kwa hiyo zinakula nafasi pale pale ambapo huna. Kama unataka sakafu ibaki nzima ili sofa likae vizuri, hilo linauma. Nne za sambamba zinakaa pembeni karibu na chesisi na kuiacha difu iko wazi juu, ndo maana bado zina wapenzi wake.

Ila Panhard nayo ina bei yake. Ikiwa na urefu wa milimita 762, hizo ni inchi 30, na imelala sawa kwenye kimo cha kuendesha, ekseli ikipanda inchi 5 kwenda kulala itakuwa imesogea pembeni karibu milimita 11. Ukiwa na rimu pana zilizojificha ndani ya bodi na nafasi isiyofika kidole kimoja, hizo 11 zinatosha kulifanya tairi lilambe chuma. Ukiifanya fupi, tuseme inchi 18, hata ukipanda inchi 4 tu unafika karibu na 11 na nusu. Kwa hiyo iwe ndefu kadiri chesisi inavyoruhusu, na iwe imelala sawa kwenye kimo unachoendeshea, sio kimo cha kulala. Kuna watu wanaweka Watts badala yake, ule mpango wa James Watt wa tangu 1784 kwenye mashine za mvuke, una fimbo mbili na kipande kinachozunguka katikati na ekseli inaenda karibu wima kabisa. Ni kitu kizuri mno, ila nyuma ya S-10 iliyolala mpaka chini kupata nafasi yake ni mateso. Nakitaja ili usije ukadhani nimekisahau.

Pembetatu nayo ina sharti lake, kutanuka. Fimbo za juu zikiwa karibu sambamba hazina nguvu ya kuzuia pembeni, zinafanya kazi kwa shida. Ukizitanua mpaka jumla ya digrii 60 kati yao, kila fimbo inabeba nguvu sawa na ile inayosukuma ekseli pembeni. Kwa digrii 40 inabeba karibu mara moja na nusu. Kwa digrii 20 inabeba karibu mara tatu, na hapo bushi zinaminyika na unaanza kuisikia nyuma ya gari ikitembea yenyewe ukibadilisha leni kwenye haiwei. Mi chini ya 40 sikubali, na watengenezaji wengi wa vifaa hivi wanakubaliana na hilo. Kikwazo kwenye S-10 ni tangi la mafuta, liko upande wa dereva mbele ya ekseli, na fimbo ya juu ya kushoto inataka kupita pale pale. Wengi wanahamisha tangi kwenda nyuma ya ekseli. Ukiamua hivyo iwe kazi ya kwanza, kabla cheche yoyote haijaruka chini ya gari, na tangi lenyewe litoke nje ya gereji kabisa, lisikae pembeni limefunikwa turubai.

Sasa uniulize mimi ningeweka nini kwenye gari yako. Kama uko tayari kuhamisha tangi na kukubali kipande cha sakafu kiinuliwe juu ya difu, nne za pembetatu, baluni karibu na ekseli, bushi za raba au poli, ile plastiki ngumu ya poliyurethane, pande zote. Kama sakafu lazima ibaki nzima, nne za sambamba zenye urefu sawa, pamoja na Panhard ndefu, na hutakuwa umekosea. Ukweli ni kwamba kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, nne za sambamba zilizopangwa vizuri ni bora kuliko pembetatu iliyobanwa digrii 25 kwa sababu tangi lilikataa kuhama. Wishibon iko katikati, nzuri, ila ile ncha moja ya juu inabeba kazi nyingi na jointi yake ikilegea unaisikia mara moja, kwa hiyo usinunue ya bei ya chee.

Kuhusu vile vigololi vya chuma mwisho wa fimbo, rodi endi, najua zinapendeza. Hazibani popote na hazina uvivu. Ila chumvi ya barabarani ya huko kwenu itazila, zitaanza kugonga, na kila mtetemo wa barabara unaingia kwenye kabini. Kwa gari ya kila siku weka bushi. Kuna na zile jointi zenye gololi ndani ya poli ambazo zinaweza kufunguliwa na kutiwa grisi, hizo ni katikati ya dunia mbili, ukiwa na hela weka hizo upande wa ekseli.

Urefu wa fimbo za chini: ndefu kadiri unavyoweza. Fimbo ya inchi 24 ekseli ikipanda inchi 5 inaivuta mbele kama milimita 13. Ya inchi 16 inaivuta karibu 20, tairi linaacha katikati ya tundu lake kwenye bodi na kila mtu anaona. Na ziwe zimelala sawa, au mwisho wa mbele uwe chini kidogo kuliko wa nyuma, kwenye kimo cha kuendesha. Zikiinuka kwenda mbele, gari ikiinama kwenye kona tairi la nje linarudi nyuma na la ndani linakwenda mbele, maana yake ekseli inajipinda yenyewe kuelekea nje na mkia unataka kukutangulia. Kwenye lami kavu utasema gari ina uchangamfu. Kwenye theluji hutasema hivyo.

Umeona nimerudia kimo cha kuendesha mara ngapi. Karibu kila gari iliyolazwa ninayoletewa inayumba au inatetemeka, mwenyewe alichomelea breketi zote gari ikiwa imelala chini kabisa, kwa sababu ndivyo ilivyokaa sakafuni siku hiyo na ndivyo alivyotaka ionekane. Kimo cha kulala gari iko imezimwa. Chagua kimo utakachoendeshea, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, andika namba hiyo kwa chaki ukutani, weka gari kwenye stendi kwa kimo hicho, ndipo upange engo zote.

Engo ya pinioni ipangwe hapo hapo. Krosi za propela, zile jointi za miisho yake, zinataka kufanya kazi kwenye digrii 1 mpaka 3 hivi, ya mbele na ya nyuma zikaribiane, tofauti isizidi digrii 1. Sifuri kabisa nayo mbaya, vile visindano vya beringi ndani ya krosi havizunguki vinachimba shimo pale vilipo. Ukisikia mtetemo unaoanza maili 45 na kuongezeka, kabla hujabalansi tairi kwa mara ya pili, pima engo. Na propela ikikutana na sakafu au krosimemba gari ikilala, usiisogeze difu ili ikwepe, peleka kwenye duka la propela wakukatie upya au wakutengenezee ya vipande viwili.

Jinsi ya kujipima kabla ya weldi ya mwisho: breketi zote ziwe zimeshikizwa kwa doti za weldi tu, baluni na shokapu hazijawekwa. Weka jeki chini ya difu, inua inchi moja moja kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa, na kila inchi andika vitu vinne: engo ya pinioni, ekseli imesogea pembeni kiasi gani, propela imeingia kiasi gani kwenye giaboksi, na nafasi iliyobaki pale baluni litakapokaa. Baluni likijaa linatanuka, linataka kama inchi moja ya hewa pande zote, likigusa kona ya chuma litapasuka na halitakupigia simu kwanza. Ukimaliza, inua upande mmoja tu huku mwingine umeshuka. Ikipanda laini kwa mkono wa jeki, umefanya vizuri. Ikifika mahali jeki inakuwa nzito na stendi ya upande wa pili inataka kuinuka, kuna kitu kinapigana, tafuta kabla hujachomelea. Breki hozi iangalie katika hali hiyo hiyo, isinyooke mpaka ikakaza.

Na shokapu ni lazima, hata wakikwambia baluni lina hewa linajituliza lenyewe. Halijitulizi, gari itaruka ruka mpaka uone aibu. Shokapu pia ndo inazuia baluni lisivutwe kupita urefu wake ekseli ikining'inia.

Sasa nije kwenye hilo la "kuchomelea najua kidogo", na hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Gari ya 1998 iliyoishi Ohio, kitu cha kwanza sio fimbo, ni kutu. Chesisi ya S-10 kwa nyuma ni umbo la C, imefunguka, inakusanya tope na chumvi ndani. Chukua nyundo na bisibisi ya zamani, gonga kuanzia nyuma ya kabini mpaka mwisho, zaidi pale breketi za springi zilipofungwa na sehemu za juu ambazo huzioni bila taa. Sauti ikiwa butu au bisibisi ikizama, hakuna fimbo duniani itakayoshika hapo, na unakata upate chuma kizima kwanza. Kukata na kujenga lile daraja juu ya ekseli, mpe mtu mwenye cheti cha kuchomelea na aliyewahi kujenga chesisi, uone kazi zake za zamani zilizotembea, sio picha za siku ya kwanza. Hata kama chesisi ni nzima, pale unapokata lazima pafungwe liwe boksi.

Kitu kingine cha kumwachia fundi huyo ni breketi juu ya difu. Difu ya S-10 katikati ni chuma cha kumimina na mabomba ya pembeni ni chuma cha kawaida yaliyosukumwa ndani yake. Bomba unaweza kuchomelea ukiwa mwangalifu, vipande vifupi vifupi ukihama upande mpaka upande, maana ukikaza moto sehemu moja bomba linapinda na magurudumu yanaangalia pembeni. Chuma cha kumimina kinataka kupashwa moto kwanza, na vijiti au waya sahihi, na kupoa polepole. Asiyejua atakuwekea weldi nzuri ya kupendeza ambayo itang'oka nzima nzima kama ganda. Njia inayokwepa hilo ni daraja la bamba linalotoka bomba la kushoto mpaka bomba la kulia likipita juu ya difu bila kuichomelea, breketi zinakaa juu ya hilo daraja.

Wewe unaweza kabisa kufanya kupima, kushikiza doti, kukata breketi na kufunga. Fimbo ziwe bomba la kazi hii, sio la maji, inchi 1.5 na ukuta usiopungua robo inchi ni kiwango ambacho sijawahi kukijutia kwa gari kama hiyo. Breketi bamba la robo inchi. Bolti ziwe za daraja la 8 na zishikwe pande zote mbili za breketi, usikubali bolti inayoning'inia upande mmoja. Na chora mstari kutoka ukingo wa chini wa rimu ya mbele mpaka wa nyuma, kwenye kimo cha kuendesha hakuna breketi wala fimbo inayoshuka chini ya mstari huo, tairi likipasuka maili 60 hutaki fimbo iwe ndo inayokwaruza lami. Sheria ya California ya 1958 ilikuwa imejengwa juu ya mstari huo huo, ilifutwa mwanzoni mwa 2024, ila sababu ya kiufundi haikufutwa nayo. Ya jimbo lako uliza mwenyewe, na uliza na bima yako kabla, sio baada.

Ukimaliza peleka kwa watu wa alaimenti, waambie wapime ekseli ya nyuma inaangalia wapi, sio mbele tu. Kama umeweka bushi za raba, bolti zake zikazwe gari ikiwa imekaa kwenye kimo cha kuendesha, usizikaze ikiwa imening'inia kwenye jeki, raba itakaa imesokotwa siku zote na kuchanika mapema. Tembea kama maili 100 bila mzigo, rudi chini na spana uzikaze zote upya, na upitishe taa kwenye kila weldi ukitafuta mstari mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa. Friji la watu lisubiri baada ya hapo.